Jino la nyuma limeota kimya kimya: tulizibe kabla halijatoboka?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Morogoro, nina watoto wawili, binti wa miaka saba na mdogo wake wa miaka mitano. Wataalamu wa meno walipita shuleni kwao, wakanipa karatasi. Kwa binti wameandika magego ya nyuma yazibwe, na huku wanasema hayajatoboka. Kwa mdogo wake wameandika avalishwe kofia ya chuma kwenye gego la utoto lililoanza kuoza. Mama mkwe anasema meno ya utoto yanang'oka yenyewe, tusitupe hela. Mume wangu naye anauliza, ukiziba jino lenye uozo si umeufungia ugonjwa ndani? Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Binti azibwe magego, tena asisubirishwe hadi mwakani. Mdogo wake avalishwe kofia, mradi jino halimwamshi usiku na ufizi wake haujavimba. Mama mkwe wako ana ukweli fulani katika analosema, na mumeo ameuliza jambo ambalo sisi madaktari wa meno tumelibishania miaka mingi. Wote nitawajibu.

Leo jioni, kabla binti hajalala, mkalishe kwenye kiti, washa tochi ya simu, mwambie apanue mdomo. Anza katikati ya meno ya chini ya mbele, hesabu kwenda nyuma upande mmoja tu: mawili ya mbele, chonge, kisha magego mawili ya utoto. Hayo ni matano. Nyuma yake utaona la sita, kubwa kuliko yote, lenye uso mpana wa vilima na mabonde, pengine kwa nyuma bado limefunikwa na kijipande cha ufizi. Hilo ndilo jino lililowafanya wataalamu wale wakuandikie karatasi.

Gego hilo huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, wengine mapema kidogo, wengine saba. Huota mahali palipokuwa patupu, nyuma ya meno yote ya utoto. Kwa hiyo hakuna jino linalolegea kulipisha, hakuna jino la kutupa juu ya bati, hakuna wa kumtania mwenzake kibogoyo. Linakuja kimya kimya, na nyumbani hakuna anayejua kwamba jino la kwanza la ukubwani limeshafika. Mama anapoliona amechelewa, naye analihesabu pamoja na ya utoto.

Katika miaka yangu ya kazi, maneno yaliyoniumiza kuliko yote ni haya: "Daktari, ling'oe tu, ni la utoto, litaota jingine." Mtoto ana miaka tisa. Amekuja ameshika shavu, hajalala siku mbili. Naangalia, nakuta ni gego la sita, katikati limebomoka limebaki kuta. Halitaota jingine. Jino ambalo angetafunia ugali na nyama mpaka uzeeni, amelitumia miaka mitatu. Namweleza mama, naona uso unambadilika, na siwezi kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Ndiyo maana karatasi yako imenifurahisha. Binti yako bado ana nafasi ambayo mtoto yule hakuwa nayo.

Sasa kwa nini gego hili linaoza upesi hivyo? Sababu ya kwanza ni umbo lake. Uso wa kutafunia umejaa mifereji, na mingine ni myembamba kiasi kwamba hata uzi mmoja wa mswaki hauingii. Chakula laini na sukari iliyoyeyuka vinaingia, bakteria wanaingia, mswaki unapita juu. Unaweza kumpigisha mtoto mswaki vizuri kabisa asubuhi na jioni, na sakafu ya mfereji isiguswe hata mara moja. Sababu ya pili ni kwamba jino linachukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kupanda hadi lilingane na wenzake. Muda huo wote liko chini ya ngazi ya magego ya utoto, na mtoto anaposugua, mswaki unateleza juu ya yale marefu na kulipita hili fupi. Ya tatu, gamba la jino jipya halijakomaa. Linaendelea kunyonya madini kutoka kwenye mate kwa muda baada ya kuota, na kabla halijakomaa tindikali inalila kwa urahisi. Mpe mtoto huyo ubuyu wa sukari, ule wenye rangi nyekundu unaoganda kwenye meno, aumung'unye njia nzima kutoka shule, na utaelewa kwa nini kwa watoto wa shule sehemu kubwa kabisa ya kutoboka kwa meno ya kudumu huanzia kwenye mifereji hii.

Kuziba, basi, ni kuifukia mifereji hiyo kabla bakteria hawajaifanya makazi. Hakuna sindano wala mashine ya kutoboa. Dawa ziko za aina mbili, na ni vizuri uzijue, kwa sababu hapo ndipo utakapouliza swali la maana ukifika kliniki.

Aina ya kwanza ni utomvu wa plastiki, ambao wengi wetu tunauita silanti. Jino linasafishwa, linazungushiwa pamba likauke, kisha linapakwa jeli ya tindikali kwa sekunde 15 hadi 30. Jeli inaoshwa, jino linakaushwa tena, na hapo linageuka jeupe kama chaki. Weupe huo ndio daktari anaoutafuta, maana unaonyesha gamba limepata vijitundu vidogo mno ambavyo utomvu utashikia. Utomvu unamiminwa kwenye mifereji, unamulikwa taa ya bluu, ndani ya sekunde chache umekuwa mgumu. Jino moja halimalizi dakika kumi. Mbinu ya kulikwaruza jino kwa tindikali ili plastiki ishike ilielezwa na Michael Buonocore huko Marekani mwaka 1955, na silanti zimekuwa zikitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Si jambo la majaribio.

Lakini silanti ina adui mmoja, nayo ni mate. Tone moja likigusa jino baada ya tindikali, ushikaji umeharibika, na plastiki itabanduka baada ya wiki au miezi. Kwa gego ambalo bado nusu yake iko ndani ya ufizi, la mtoto wa miaka sita anayesukuma kila kitu kwa ulimi, kulikausha ni kazi ngumu kwelikweli.

Hapo inaingia aina ya pili, saruji ya glasi, ambayo wataalamu wanaiita glasi ayonoma. Ni unga na maji yake, vinakorogwa pale pale mpaka viwe kama uji mzito. Inavumilia unyevu kuliko plastiki, inashika jino yenyewe, na inatoa floraidi polepole kwenye gamba lililo jirani nayo. Namna ya kuiweka ni nyepesi mno, na mimi huipenda kwa sababu hiyo. Daktari anaipakaa kwenye mifereji, anajipaka vaselini kidogo kwenye ncha ya kidole juu ya glavu, anaweka kidole juu ya jino na kukandamiza. Anakaa hivyo kama nusu dakika. Saruji inasukumwa hadi chini ya mfereji, na ile inayozidi inatokea pembeni ikaondolewa. Mtoto anaambiwa asile kwa saa moja. Watoto wengi hucheka kidole kikiwa mdomoni.

Kwa hiyo ukifika, uliza: "Gego la mwanangu limeshatoka lote? Litakaushika?" Likiwa limetoka lote na mtoto anatulia, silanti ya plastiki ni nzuri na hukaa muda mrefu zaidi. Likiwa bado nusu, saruji ya glasi iwekwe sasa, na plastiki inaweza kufuata baadaye. Usikubali kuambiwa "mrudishe litakapotoka lote" bila kuwekewa chochote, maana miezi hiyo ya kungoja ndiyo ya hatari.

Faida yake inajulikana kwa namba. Kituo cha Udhibiti wa Magonjwa cha Marekani, CDC, kinaeleza kwamba silanti huzuia matundu 8 kati ya 10 kwenye meno ya nyuma katika miaka miwili ya mwanzo, na bado huzuia nusu ya matundu hadi kufikia miaka minne. Na kinasema watoto wa shule wasio na silanti hupata matundu karibu mara tatu ya wenzao waliozibwa. Unaona namba inavyoshuka kadiri miaka inavyokwenda: ni kwa sababu dawa inabanduka. Kubanduka si ajabu wala si hasara, mradi kuna mtu wa kuangalia. Kila miezi sita apite, aangaliwe, palipobanduka paongezewe. Kwa saruji ya glasi, hata pale unapoona kwa macho kama imeondoka, mara nyingi kiasi kidogo hubaki chini kabisa ya mfereji, na mfereji wenyewe umeshapata floraidi.

Niseme jambo moja hapa ambalo Mtanzania anapaswa kulijua. Ile njia ya kusafisha jino lililotoboka kwa vifaa vya mkono tu, patasi ndogo na kijiko chenye makali, bila umeme na mara nyingi bila sindano, kisha kuliziba kwa saruji na kuifukia mifereji inayolizunguka kwa kidole, ilianzia hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakitafuta namna ya kutibu meno mahali pasipo na umeme, ili watu wasiishie kung'olewa. Njia hiyo ikajaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe kwa saruji ya glasi, na Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi zote. Leo inafundishwa kila bara, kwa kifupisho cha herufi tatu, ART. Kwa hiyo tabibu wa meno anapokuja shuleni kwa mwanao na sanduku la vifaa vya mkono, bila mashine ya kelele, usifikiri umeletewa huduma ya daraja la chini. Umeletewa kitu kilichotoka kwetu kikaenda duniani.

Sasa swali la mumeo. Ukiziba jino lenye uozo, hujaufungia ugonjwa ndani?

Swali ni la haki, kwa sababu tumezoea kwamba jipu hukamuliwa na kidonda huoshwa kwanza. Lakini uozo wa jino haufanyi kazi kama jipu. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari tunayoila sisi. Wakiila wanatoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha jino. Jino haliliwi na mdudu anayechimba, ingawa bibi zetu walituambia hivyo na mpaka leo wapo wanaoonyeshwa "mdudu" aliyetolewa jinoni. Kinacholila ni tindikali, na tindikali inahitaji sukari. Sasa funika mlango usipitishe hata mate. Waliobaki ndani hawapati chakula. Wengi wanakufa, wachache wanabaki wamelala, uozo unasimama pale ulipo, na jino lililo hai linaanza kujijengea ukuta mpya kwa ndani.

Si nadharia tu. Huko Georgia, Marekani, timu ya Eva Mertz-Fairhurst ilichukua meno ambayo uozo ulikuwa umeshapita gamba na kuingia ndani, ikayaziba kwa juu bila kuuondoa uozo, ikayafuatilia miaka 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: pale muhuri ulipobaki mzima, uozo haukuendelea. Wakati mimi nafundishwa, tuliambiwa uchimbe mpaka ufike penye jino gumu kabisa, hata kama utakaribia mshipa, yaani ile sehemu hai iliyo katikati ya jino. Leo tunaacha uozo laini ulio karibu na mshipa, tunasafisha kingo tu, tunafunga kwa nguvu. Meno mengi yanapona mshipa wake kwa sababu tumeacha kuuchokoza.

Neno la kushika hapo ni "muhuri". Kifuniko kikiwa na mwanya, mumeo yuko sahihi: sukari inapenya, na uozo unaendelea chini kwa chini bila kuonekana. Ndiyo maana narudia habari ya kuangaliwa kila miezi sita. Na ndiyo maana jino ambalo ugonjwa umeshafika kwenye mshipa halizibwi namna hii. Hilo nalifikia sasa, kwa mdogo wake.

Mama mkwe anasema jino la utoto hung'oka. Ni kweli, lakini muulize linang'oka lini. Meno ya mbele, ndiyo, huanza kulegea kwenye miaka sita. Magego ya utoto yanakaa zaidi: la kwanza mpaka miaka 9 hadi 11, la pili mpaka 10 hadi 12. Mwanao ana mitano. Kama lililooza ni gego la pili, zaidi ya nusu ya umri wa jino hilo bado hajautumia, tena ni miaka ile anayokua, anayohitaji kutafuna. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2022 lilihesabu watoto milioni 514 duniani wenye meno ya utoto yaliyooza bila kutibiwa. Miongoni mwao yumo mtoto anayetafunia upande mmoja, anayekula polepole wenzake wakimaliza sahani, anayelala vibaya na kusinzia darasani, na mwalimu anadhani ni mvivu.

Kuna sababu nyingine, na hii mwambie mama mkwe kwa utaratibu kwa sababu haionekani kwa macho. Gego la utoto linamwekea nafasi mwenzake. Likitolewa mapema, gego la sita linaloota nyuma yake linasogea mbele na kuikalia nafasi ile. Miaka mitano baadaye jino la kudumu linapotaka kutoka halina pa kupita: linatokea pembeni, au linakwama ndani. Kunyoosha meno yaliyopandana ni gharama ambayo haikaribiani na bei ya kofia moja.

Na kofia yenyewe ni nini? Ni kikopo kidogo cha chuma kisichoshika kutu, kilichokwisha kufinyangwa kiwandani kwa umbo la gego la mtoto, chenye ukubwa mbalimbali kama viatu. Zimetumika tangu mwaka 1950. Kwa miaka mingi kuiweka kulitaka sindano, kulichonga jino pande zote na mtoto kushikwa mikono. Kisha daktari mmoja wa Scotland, Norna Hall, akaanza kuziweka kwa namna nyingine: hachomi sindano, hachongi, haondoi uozo. Anachagua kofia inayoenea, anaijaza saruji ya glasi, anaisukuma juu ya jino, mtoto anang'ata. Basi. Wenzake walipoona kumbukumbu zake waliona haiwezekani, wakaamua kuijaribu kwa haki. Huko Tayside, Scotland, walichukua watoto 132, kila mmoja jino la upande huu likavalishwa kofia na la upande wa pili likazibwa kwa njia ya kawaida ya daktari wake. Baada ya miaka mitano, waliowafuatilia waliona kwamba meno yaliyozibwa kwa kawaida yalileta maumivu au jipu kwa watoto 16 hadi 17 kati ya 100. Yaliyovalishwa kofia, 3 kati ya 100.

Nikueleze siku yenyewe itakavyokuwa, ili usishtuke. Kama magego yamebanana, siku tatu hadi tano kabla atawekewa vipira vidogo katikati ya meno, kama pete za mpira, visogeze nafasi. Vinasumbua kama nyama iliyonasa jinoni. Mwambie asivichokonoe. Siku ya kofia, daktari atapima moja, mbili, apate inayobana kidogo anapoigusa. Ataweka chachi nyuma ili isiteleze kooni. Ataijaza saruji, ataisukuma kwa kidole, kisha atamwambia mtoto ang'ate kwa nguvu. Ufizi unakuwa mweupe kuzunguka kofia kwa sababu umebanwa, na saruji ya ziada inatoka ikiwa chungu mdomoni, kwa hiyo mbebee maji. Sehemu ngumu ni ile dakika moja ya kusukuma, na kwa hapo mama kumshika mkono mtoto kunasaidia kuliko maneno yangu yote.

Akiinuka kwenye kiti atakwambia, "Mama, meno hayakutani." Ni kweli. Kofia imemwinua. Usikimbie kurudi kuiondoa. Katika wiki mbili hadi nne meno yanajipanga yenyewe na kukutana kama zamani, ndivyo meno ya watoto yalivyo. Siku moja au mbili anaweza kulalamika ufizi, panado ya watoto kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Kofia itakaa mpaka jino la utoto litakapolegea, na vyote viwili vitatoka pamoja.

Haina zebaki. Nalisema hilo kwa sababu wapo wanaoichanganya na ile risasi ya kijivu ya kuzibia meno, ambayo chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, nchi zilikubaliana mwaka 2022 isitumike kwa watoto chini ya miaka 15. Kofia ni chuma kisichoshika kutu, chenye nikeli ndani yake. Mtoto anayetoka vipele akivaa saa au bangili za bei nafuu, mwambie daktari, kwa huyo kofia ya namna hii haifai. Rangi yake ni ya fedha, na iko nyuma. Wenyewe watoto huionyesha kwa wenzao kama zawadi. Wanaoona aibu huwa ni wazazi.

Lakini kofia si ya kila jino, na hapa nakuomba uwe mkali hata kwa daktari. Muulize mwanao: jino linakuamsha usiku? Linauma lenyewe bila kula? Angalia ufizi chini ya jino hilo: kuna kijipele kinachotoa usaha kikibonyezwa? Jino linacheza? Likiwepo mojawapo, mshipa umeshakufa au uko njiani, na kulifunika hapo ndiko kufungia ugonjwa ndani kama mumeo alivyohofia. Litahitaji kutibiwa mshipa kwanza, au kung'olewa. Na shavu likivimba, au homa ikapanda, au akashindwa kumeza, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Panapowezekana apigwe picha ya jino kabla ya kofia, ili daktari aone uozo umekaribia mshipa kiasi gani. Kama uozo unauma tu akinywa baridi au akila kitu kitamu na kisha maumivu yanakoma, hilo bado ni jino la kuokolewa.

Usipoipata kofia karibu, maana vituo vingine hawana, usirudi mikono mitupu. Kama shimo liko juu, upande wa kutafunia, saruji ya glasi kwa vifaa vya mkono inafanya kazi nzuri. Shimo likiwa katikati ya meno mawili saruji huvunjika mapema, na hapo ndipo kofia inapoishinda. Ipo pia dawa ya maji ya fedha na floraidi, ya asilimia 38, inayopakwa kwa kijibrashi kwa dakika moja ikausimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na saruji ya glasi na dawa ya meno yenye floraidi. Ubaya wake ni kwamba panapoponywa panakuwa peusi moja kwa moja. Ukiambiwa habari zake, weusi huo usikutishe: uozo uliosimama kwa dawa hiyo huwa mgumu na mweusi.

Silanti inalinda uso wa kutafunia peke yake. Katikati ya meno na kwenye kingo za ufizi hakuna plastiki, hapo kuna mswaki na dawa tu. Soma tyubu, tafuta iliyoandikwa floraidi kati ya ppm 1000 na 1500. Mtoto chini ya miaka mitatu punje ya mchele inamtosha, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki. Na binti wa miaka saba hajui kupiga mswaki nyuma, hata akikuambia anajua. Simama nyuma yake, egemeza kichwa chake kifuani kwako, uingize mswaki kwa upande, ukikatiza jino, ulifikie lile fupi la mwisho. Ufanye hivyo wewe mwenyewe usiku mpaka afike miaka minane hivi.

Kwa sukari, hesabu mara anazokula, usihesabu vijiko peke yake. Kila akitia kitu kitamu mdomoni, mate yanahitaji karibu nusu saa, wakati mwingine zaidi, kuisafisha tindikali. Mtoto anayekunywa chai ya sukari na andazi asubuhi, kisha akanywa maji tu hadi mchana, meno yake yamepumzika. Anayelamba barafu ya mfuko, akafuata pipi, akafuata juisi ya unga, akamalizia na kashata, meno yake hayakupumzika tangu kengele ya kwanza.

Neno kwa wasomaji wa Arusha, Meru na Kilimanjaro, ambao najua watauliza: maji ya kwenu mengine yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana meno ya wengi yana rangi ya kahawia. Msidhani floraidi hiyo inawatosha na magego hayana haja ya kuzibwa. Gamba lililoathirika sana lina vishimo na linavunjika, na mifereji yake inaoza kama ya watoto wengine. Mwambieni daktari mtoto amekulia wapi, kwa sababu gamba la namna hiyo linaweza kuhitaji tindikali ikae muda mrefu kidogo kabla ya silanti kushika.

Basi mama, mpeleke mdogo mtu kwanza, maana lake limeshaanza kuoza, na dada yake umchukue safari hiyo hiyo. Karatasi ya binti, ulivyoieleza, inataja magego ya nyuma bila kusema ya chini au ya juu. Omba yaangaliwe yote manne, kwa sababu ya juu huota karibu wakati ule ule na husahaulika zaidi. Kisha andika nyuma ya kadi yake ya kliniki mwaka atakaotimiza miaka kumi na miwili. Mwaka huo nyuma ya haya yataota mengine manne, kimya kimya vile vile.